Petroli ya Bi Mkubwa

Mume wangu alipoanza kutafuna vitunguu swaumu vibichi kila Jumapili asubuhi, kabla hata ya chai, nilijua kuna jambo. Mtu haanzi kunuka kitunguu uzeeni bila sababu. Kuna kitu kinanuka zaidi ambacho hataki nikisikie.

Mimi ni msusi. Saluni yangu iko mbele ya nyumba yetu: viti vitatu, kioo kimoja kirefu, na jenereta dogo la petroli nje ya mlango wa nyuma, kwa sababu umeme wa mtaa wetu una tabia ya kukatika mteja akiwa ameshapakwa dawa kichwani. Mume wangu ni dereva mstaafu. Aliwaendesha wakubwa wa ofisini mpaka mvi zikamtoka, na mtaa mzima unamwita Dereva. Na nyuma ya nyumba, chini ya banda lililoezekwa vizuri kuliko jiko langu, anaishi Bi Mkubwa.

Bi Mkubwa ni gari. Jina hilo nilimpa mimi wiki ya kwanza ya ndoa, kwa sababu nilimkuta pale na nikaona wazi nani anapendwa zaidi. Ana rangi ya chai ya maziwa, taa za mviringo, na mlango wa abiria usiofunguka mpaka uupige nyonga. Mshale wake wa mafuta ulikufa kabla kitindamimba wetu hajazaliwa. Umelala pale pale kwenye sifuri, kwa hiyo Dereva hupima petroli kwa fimbo nyembamba aliyoichonga mwenyewe na kuitia alama kwa kisu. Anaitumbukiza kwenye tanki, anaitoa, anaitazama kwa jicho moja, kisha anaifuta kwa kitambaa ambacho mimi siruhusiwi kukitumia kwa kazi nyingine.

Nimemsema vibaya Bi Mkubwa tangu siku ile, na sina mpango wa kuacha. Lakini najua kwa nini anampenda. Miaka yote ya kazi Dereva alifungua mlango wa nyuma, akangoja mwenye suti akae, akauliza, "Tunakwenda wapi, mkubwa?" Hakuna siku mtu alimuuliza yeye. Siku moja, tukiwa ndani ya gari hilo kuukuu, akaniambia kwa sauti ya chini kama anatoa siri, "Humu ndani, mama watoto, mimi ndiye ninayeamua tunakwenda wapi." Kwa kawaida tulikwenda mnarani na kurudi.

Mnara ni ule wa saa, katikati ya mzunguko wa barabara kuu. Kila Jumapili Chama cha Magari ya Zamani hufanya gwaride kutoka uwanja wa shule hadi mnarani, wanauzunguka, wanarudi. Wanachama ni watano na wote wana kofia za kijani. Mwenyekiti ni daktari wa meno, mtu anayeongea na wewe huku anakukagua mdomo. Katibu ni Fundi Saa, ambaye gari lake ni dogo kama boflo la mkate, na ambaye kila akiuzunguka mnara huona uchungu kwa sababu saa yake imesimama na manispaa imemkataza kuigusa. Kanuni yao kubwa ni moja: gari lisilofika mnarani siku ya gwaride, mwenyewe anavuliwa kofia. Hakuna udhuru, hata msiba.

Kisha bei ya mafuta ikaanza kupanda. Ilikuwa karibu na uchaguzi, na kila mwanasiasa alikuwa na maelezo yake. Diwani wetu alisema ni vita vya mbali. Mpinzani wake alisema ni Diwani. Kwenye saluni wateja wangu waligawanyika makundi mawili, na ilinibidi niwakalishe viti vya pembeni na kuacha cha katikati kitupu.

Gwaride likaanza kukonda. Kwanza waliacha kurudi kwa njia ndefu. Halafu wakaacha kuwasha injini mapema kwa ajili ya kuzisikiliza, jambo ambalo kwao lilikuwa tamu kuliko safari yenyewe. Kwenye mteremko walizima na kuserereka, wazee watano wenye kofia za kijani wakipita kimya kimya mbele ya watu kama wanaogopa kumwamsha mtoto.

Hapo ndipo vitunguu vilipoanza. Saluni hufungwa Jumapili, lakini Jumatatu nikifungua kifuniko cha jenereta nilikuta petroli imepungua. Nikaunganisha mambo. Kila Jumapili alfajiri mume wangu, mtu aliyepewa cheti cha uaminifu na ofisi, alikuwa anaingiza mpira kwenye jenereta langu, anavuta kwa mdomo, na kumnywesha Bi Mkubwa. Kitunguu kilikuwa cha kufunika harufu. Alikuwa mwizi mwenye adabu, maana baada ya kuiba alifuta kifuniko na kukifunga vizuri kuliko nilivyokifunga mimi.

Ningeweza kutia kufuli. Ningeweza kumkalisha kitako na kumtolea maneno mpaka akome. Badala yake nilianza kulijaza jenereta kila Jumamosi, pomoni, kwa ajili ya siku ambayo silitumii. Msiniulize kwa nini. Nilijiambia tu kwamba jenereta likikaa tupu linashika kutu.

Tungeendelea hivyo, lakini mdomo wangu uliniponza. Siku moja dada yangu alinipigia simu, nami kama kawaida yangu nikatia chumvi. "Dada, petroli inanimaliza. Jenereta hili linakunywa utadhani limealikwa harusini. Mambo yakienda hivi nitafunga saluni." Niligeuka nikamkuta Dereva amesimama nyuma ya pazia, kofia yake mkononi. Alisema anatafuta pasi. Pasi ilikuwa mbele yake.

Jumapili iliyofuata hakunuka kitunguu. Jenereta lilikuwa limejaa kama nilivyoliacha, na kile kidogo kilichobaki kwa Bi Mkubwa ndicho kilichomfikisha mnarani na kumrudisha kwa kukohoa. Dereva alimfunika turubai, akaingia ndani, akabakiza nusu ya chakula. Niliumia. Nilikuwa nimekwisha kumzoea mwizi wangu.

Wiki hiyo hiyo bei ikapanda tena, na Waziri akatangaza redioni amri mpya ya kusafisha miji: gari lolote la zamani litakalokutwa barabarani, likishindwa kwenda lenyewe, ni chuma chakavu, libebwe likayeyushwe. Nilikuwa nasuka wakati tangazo linasomwa. Nilimvuta mteja nywele mpaka akaniuliza kama nina ugomvi naye.

Chama kilikutana kwenye chumba cha kungojea cha Mwenyekiti, chini ya picha kubwa ya jino bovu. Nilikuwepo kwa sababu mimi ndiye niliyebeba chupa ya chai. Wote watano walikiri kwamba hawana petroli. Mwenyekiti alisema basi, gwaride life. Fundi Saa akatoa miwani, akaifuta, akasema:

"Kanuni inasema gari lifike mnarani. Haikusema lifike likinguruma. Tutayasukuma."

"Na amri ya Waziri?" Mwenyekiti akauliza.

"Jumapili asubuhi nani atatuona?"

Dereva alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Alikuwa anatabasamu, lakini mimi nalijua tabasamu lile. Ndilo alilokuwa akiwapa wakubwa wakimwambia kesho hakuna mapumziko.

Jumamosi mchana, yeye alipokwenda kunyolewa, nilichukua kidumu kizima cha petroli nilichonunua kwa ajili ya jenereta, nikaenda bandani, nikamfunua Bi Mkubwa. "Kunywa," nikamwambia, "na usinizoee." Nikammiminia yote. Kisha nikaiweka ile fimbo ya kupimia juu ya kiti cha dereva. Mpango wangu ulikuwa mzuri. Asubuhi angepima kama kawaida yake, angekuta, angefurahi, angenyamaza, nami ningenyamaza, na heshima yangu ya kumchukia Bi Mkubwa ingebaki palepale.

Asubuhi Dereva akaichukua fimbo, akaitazama kidogo, akaitupia kiti cha nyuma. Hakupima. Nadhani hakutaka kuuona ukavu kwa macho yake. Binti yangu na mumewe, waliokuja kusaidia, wakajipanga nyuma pamoja nami. Akatia gia huru, akashika usukani kupitia dirishani, akasema, "Haya, jamaa zangu, kidogo kidogo."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Fikiria mwenyewe: nimemtukana gari yule ujana wangu wote, leo nifungue mdomo mbele ya binti yangu na mkwe wangu niseme nilimnunulia petroli? Nikainama nikasukuma. Binti yangu alisukuma katikati, na mkwe akaenda kona ya mbali kabisa ili tusigusane mabega, maskini, akawa anasukuma taa peke yake. Kila nilipopiga hatua nilisikia petroli yangu ikichezacheza ndani ya tanki. Mgongo uliniwaka moto. Kiburi ni kitu kizito, na siku ile kilikuwa na magurudumu manne.

Fundi Saa alikosea jambo moja. Alidhani hakuna atakayetuona. Watu walituona, na kwa hali ilivyokuwa mtaani, waliona walichotaka kuona. Wazee watano wenye kofia za namna moja, wamepanga magari kwa mstari, wanayasukuma kimya kimya kuelekea katikati ya mji wiki ambayo bei imepanda. Mwenye duka alifunga duka akaja kusukuma. Wenye pikipiki walizima wakaanza kuzisukuma pikipiki zao nyuma yetu. Mama mmoja alikuja anasukuma kigari cha mtoto. Tulipofika nusu ya njia tulikuwa umati, na umati ulikuwa unaimba bei ishuke.

"Nyinyi, sisi ni gwaride tu," Mwenyekiti alikuwa anawaambia watu, jasho likimtoka. "Gwaride la kawaida."

"Safi sana, Daktari," watu wakamjibu. "Waambie."

Mpinzani alitokea kwanza. Alivaa viatu vya kazi vipya, lebo bado imening'inia, akaja moja kwa moja kwa Bi Mkubwa kwa kuwa ndiye aliyekuwa mbele, akaweka mikono yote miwili kwenye ubavu wa kushoto. "Tazameni serikali ilivyowafikisha wazee wetu!" akapaza sauti, huku anatafuta kamera kwa jicho la pembeni.

Diwani hakukawia. Alishuka kwenye gari kubwa jeusi, akaliacha linanguruma barabarani bila mtu, akaja na shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likakata, akashika ubavu wa kulia. "Hawa ni wananchi wanaoitikia wito wa serikali wa kubana matumizi," akasema. "Nawapongeza."

Wakaanza kushindana. Huyu akisukuma kwa nguvu, gari linaelekea kwa yule. Yule akisukuma, linarudi kwa huyu. Dereva alikuwa anakata usukani huku na huku akilalamika, "Polepole, waheshimiwa, mtaniharibia matairi." Bi Mkubwa alikwenda kwa kasi ambayo sijaiona tangu nimfahamu. Na mimi nyuma, katikati ya siasa zote hizo, nikisikiliza petroli yangu.

Tulifika mnarani wakati mmoja na polisi. Afande aliyewaongoza alikuwa mtu mpole, mwenye uso wa mtu aliyeitwa kazini siku yake ya mapumziko. Nyuma yake lilikuja lori lenye winchi.

"Nani kiongozi wa maandamano haya?"

Mikono ya Mpinzani ikatoka kwenye Bi Mkubwa kana kwamba bati limewaka moto. Diwani alikuwa ameshajitenga hatua kadhaa nyuma ya gari, anafuta vidole kwa leso. "Mimi nilikuwa napita tu," akasema. Mpinzani akasema yeye pia alikuwa anapita. Ilikuwa mara yao ya kwanza kukubaliana tangu kampeni zianze.

"Afande, hii si siasa," Dereva akasema. "Sisi ni chama cha magari."

Afande akayatazama magari matano. "Na haya magari yenu, mzee, yanakwenda yenyewe?"

Mwenyekiti aliangalia chini. Fundi Saa aliangalia saa ya mnara, labda kwa kutaka msaada.

"Kuna amri ya Waziri," Afande akasema, na sauti yake haikuwa na furaha. "Likiwaka ni gari. Lisipowaka ni chuma chakavu, nalibeba."

"Sheria ni sheria," Diwani akadakia kutoka alikokuwa.

Dereva hakubishana. Maisha yake yote hakuwahi kubishana na mtu aliyevaa sare au suti, na hilo limenikera miaka mingi. Alifungua mlango, akatoa ule mto mdogo anaoukalia kwa sababu ya kiuno chake, akaukung'uta, akaushika kwapani. Akatoa kitambaa, akaufuta usukani. Akaufuta wote, mpaka chini kusikoonekana. Kisha akamwambia Afande, "Mfunge winchi kwa mbele, tafadhali. Nyuma ameoza kidogo."

Sikuweza kuvumilia. Machozi yalinitoka pale pale mbele ya wateja wangu wa makundi yote mawili.

"Baba watoto," nikasema. "Washa."

Aligeuka taratibu. "Mama watoto, tanki kavu. Usinitie aibu zaidi."

"Nimesema washa."

"Lakini kama—"

"Umesukumwa na diwani na mpinzani wake, aibu gani imebaki? Ingia uwashe."

Akaingia kwa kuwa nimesema, si kwa kuwa ameniamini. Akauweka mto wake, akakaa, akazungusha ufunguo akiwa amefumba macho. Bi Mkubwa alikohoa. Akakohoa tena. Kisha akashika, akanguruma, na moshi mweusi wote aliokuwa ameuhifadhi ukatoka kwa pumzi moja na kumkuta Diwani na shati lake.

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Wimbo wa bei ukafa kwa kicheko. Mpinzani alikuwa ameinama ameshika magoti, anahema, ananitazama kwa chuki. "Kumbe lina mafuta," alisema. "Kumbe muda wote lina mafuta."

Dereva hakucheka. Alikuwa ananitazama kwenye kioo cha ndani cha gari, na nilimwona akihesabu mambo: kidumu, jenereta, Jumamosi zote zile. Kisha akashuka, akaenda kwenye buti, akasita. Akanitazama tena. Akafungua, akatoa mpira mwembamba uliokunjwa vizuri na kufungwa kwa uzi.

"Yamebaki manne, Afande," akasema. "Nipe nafasi."

Mbele ya mji mzima mume wangu akaingiza mpira kwenye tanki la Bi Mkubwa, akavuta mara moja tu, akautoa mdomoni kabla tone halijamfika, akalinywesha gari la Mwenyekiti, kisha la Fundi Saa, kisha mengine mawili. Ufundi wake ulikuwa mkubwa mno.

"Umezoea," Mwenyekiti akamwambia, akimwangalia mdomo kwa jicho la kazi.

"Nilijifunza ofisini," Dereva akasema, bila kuthubutu kuelekea upande wangu.

Yote manne yaliwaka. Afande alivua kofia akajikuna, akamwambia dereva wa lori arudi nyumbani akale. Kisha magari matano yakauzunguka mnara yakinguruma, na mimi nilikuwa kiti cha mbele, mahali ambapo huwa nakataa kukaa kwa sababu springi inachoma. Iliendelea kuchoma. Jioni Diwani alisema redioni kwamba yeye ndiye aliyeyaokoa magari ya wazee, na Mpinzani akasema ni yeye, na bei ikabaki ilipokuwa.

Bi Mkubwa alizima tukiwa tumebakisha mtaa mmoja kufika nyumbani. Binti na mkwe walikuwa wametangulia kwa miguu. Dereva alikaa na usukani wake, hakushuka.

"Ulijua tangu lini?" akauliza.

"Tangu kitunguu cha kwanza."

"Na hukusema."

"Ningesema, ungeacha."

Akachukua kile kitambaa, nikadhani anataka kufuta usukani tena, akafuta macho. Nikaupiga mlango nyonga, nikashuka, nikazunguka nyuma. Mgongo ulikuwa unaniuma, na kesho yake umeme ungekatika na jenereta langu lingekuwa kavu, nilijua hivyo vizuri. Nikaweka mikono kwenye bati la moto la Bi Mkubwa, nikainama, nikamwita kupitia kioo cha nyuma.

"Tunakwenda wapi, mkubwa?"

Hakujibu haraka. Nadhani alitaka lile swali likae kidogo humo ndani.

"Nyumbani," akasema.

Nikasukuma.